Uchumi: Vile Supamaketi ya Wazazi Wetu Ilizama Mara Mbili

Ukisikia "Uchumi" unafikiria bei ya unga? Basi uliza mathee. Kwake Uchumi ni pale alikuwa anashop mwisho wa mwezi.

Ilianza 1975, ikiwa mali ya mashirika ya serikali kama ICDC. 1992 ikaingia soko la hisa, hata msee wa kawaida akawa anaweza kununua kipande.

Sasa shida ilitoka wapi? Supamaketi hainunui mkate keshi. Saplaya analeta leo, analipwa baadaye, lakini wewe unalipa pale pale kwa till. Hiyo doh si yao, wameshikia tu. Wakiitumia kufungua matawi mapya, na matawi yakose kuuza, saplaya anangoja mpaka anachoka. Akiacha kuleta unga na maziwa, rafu zinabaki na maji na tishu. Kastoma akiona hivyo, anahepa. Hapo imeisha.

Juni 2006 Uchumi ilifungwa. Ikafufuka mwezi uliofuata, na 2011 ikarudi soko la hisa. Watu wakasema imeomoka. Wapi! 2015 CEO akafutwa, na matawi ya Uganda na Tanzania yakafungwa.

Nakumatt ikafuata njia hiyo hiyo, halafu Tuskys. Wenye waliumia zaidi ni masaplaya wadogo, wale wa mboga na yogati, na wafanyakazi.

Leo inayotesa ni Naivas, iliyoanza 1990 kama kaduka ka Rongai. Ile ya Nakuru, si hii ya matatu za makelele.