Karafuu, Tangawizi na Kadiri ya Dawa

Katika nyumba nyingi za pwani ya Afrika ya Mashariki hakuna mpaka ulio bayana baina ya jiko na zahanati, kwa kuwa tangawizi iliyotiwa katika chai ya asubuhi ndiyo itakayotwangwa usiku kwa ajili ya kikohozi, hiliki na bizari zilizounga pilau ndizo zitakazochemshwa kwa mwenye kuvimbiwa, na karafuu iliyolala kando ya mdalasini na kungumanga hutafutwa kwa haraka jino linapoanza kupwita. Juu ya desturi hii watu wamegawanyika makundi mawili yasiyosikilizana: moja husema kwamba kilichoota ardhini hakiwezi kumdhuru aliyeumbwa kwa udongo, na jingine husema kwamba yote hayo ni mazoea ya wazee ambayo hospitali imekwisha kuyafuta. Mimi naona kwamba makundi yote mawili yameliruka swali ambalo matabibu wa kale walilitanguliza mbele ya mengine, nalo ni swali la kadiri: kiasi gani, kimetengenezwa vipi, kwa mtu wa umri gani, na kwa muda gani.

Karafuu yafaa kutangulizwa, kwa sababu habari zake zimepimwa kuliko za mimea mingi ya huku kwetu. Mkarafuu si mti wa asili wa Unguja wala Pemba. Kwao ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, ambako Waholanzi waliulinda kwa ukali ili bei isianguke. Katika karne ya 18 Wafaransa wakatorosha miche na kuipanda katika visiwa walivyovitawala katika Bahari ya Hindi, na kutoka huko, mwanzoni mwa karne ya 19, ikafika Unguja, ambako Sultani Seyyid Said aliwahimiza wenye mashamba waipande kwa wingi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo Pemba ndiko zitokako karafuu nyingi. Mavuno hayo huleta vitu viwili, karafuu yenyewe, ambayo ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua likaanikwa juani, na makonyo, yaani vikonyo vilivyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, ambavyo hupitishiwa mvuke vikatoa mafuta.

Ndani ya mafuta ya karafuu kitu chenye nguvu kuliko vyote ni kemikali iitwayo yujenoli, ambayo aghalabu ni baina ya asilimia 70 na 90 ya mafuta yote. Mshipa wa fahamu hupeleka habari ya maumivu kwa kuruhusu chembechembe za sodiamu ziingie ndani yake kupitia vijilango vidogo mno visivyoonekana kwa macho; yujenoli huviziba vijilango hivyo kwa muda, na habari ikakatika njiani kabla haijaufikia ubongo. Fauka ya hayo, hupunguza utengenezaji wa prostaglandini, ambazo ni kemikali za mwili zenye kuchochea uvimbe na uchungu. Aliyewahi kubana karafuu kwenye jino anakumbuka kwamba kwanza huchoma, kisha huja ganzi: ule mchomo hutokea kwa sababu yujenoli hugusa kipokeo kilekile cha fahamu kinachoguswa na pilipili, na ganzi hufuata baada yake. Madaktari wa meno hawakuidharau hikima hii, kwani tangu karne ya 19 wamekuwa wakichanganya yujenoli na oksidi ya zinki kufanya saruji ya kuzibia jino kwa muda, na ndiyo sababu vyumba vyao vingi vilinukia karafuu. Wataalamu wa samaki nao hutia mafuta haya majini, kidogo sana, ili samaki walale wapate kupimwa bila ya taabu, jambo ambalo sina hakika kama wavuvi wetu wamekwisha kulisikia, na pengine ni heri wasilisikie.

Mwaka 2006 wachunguzi wa Kuwait walichapisha habari ya jaribio walilolifanya kwa watu wazima 73 waliojitolea kuchomwa sindano kinywani. Baadhi walipakwa karafuu iliyosagwa na kuchanganywa na glisirini, baadhi benzokeini, ambayo ni dawa ya ganzi ya dukani, na wengine vitu vilivyofanana navyo lakini visivyo na dawa. Waliopakwa karafuu na waliopakwa benzokeini walisikia maumivu machache kuliko wale waliopakwa visivyo na dawa, wala haikuonekana tofauti ya kutegemewa baina ya karafuu na benzokeini. Basi anayesema kwamba karafuu ya bibi ni uzushi mtupu ana deni la kujibu jaribio hili.

Lakini ganzi si tiba ya jino. Jino huoza kwa sababu vijidudu vya kinywani hula sukari tuliyoila, vikatoa asidi, na asidi ikalichimba jino mpaka ikaufikia moyo wake, mahali penye mishipa ya damu na ya fahamu. Mwenye jino bovu akibana karafuu siku nyingi, kisha maumivu yakamwacha ghafula, asidhani kuwa amepona. Yamkini moyo wa jino umekufa, hauna tena wa kulia, na usaha unajitafutia njia katika taya. Uvimbe wa shavu, homa, au kushindwa kufumbua kinywa ni mambo ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, hata kama ndani ya nyumba mna gunia zima la karafuu.

Tena pana tofauti kubwa, ambayo wauzaji wengi hawaitaji, baina ya karafuu nzima na mafuta yake. Kamati ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaopima viungo vya chakula iliweka kiasi cha yujenoli kisicho na hofu kuwa miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, maana yake miligramu 150 kwa mtu mzima wa kilo 60. Mapishi ya kawaida hayana haja ya kuogopa hesabu hiyo, ilhali kijiko kimoja cha chai cha mafuta, chenye mililita 5 hivi, hukipita kiasi hicho mara nyingi sana. Katika maandiko ya madaktari imo habari ya mtoto wa miaka 2 aliyekunywa baina ya mililita 5 na 10 za mafuta ya karafuu, akazimia, akashikwa na degedege, ini lake likaharibika, na akaokolewa kwa uangalizi mkubwa wa hospitali. Tone moja juu ya pamba kwenye jino la mtu mzima ni dawa. Chupa hiyohiyo ikiachwa juu ya mkeka penye mtoto atambaaye ni sumu.

Elimu hii ya kadiri si ngeni, wala haikutujia na vyombo vya kizungu. Tabibu Abu Ali ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu cha pili cha Qanun yake, kinachohusu dawa zisizochanganywa, aliweka masharti ya kujaribu dawa kabla ya kuisifu, na mengi kati yake hayajachakaa hata leo. Dawa iwe safi, isiyobadilishwa na joto wala baridi iliyoipata kwa bahati tu. Ijaribiwe kwa maradhi yaliyo peke yake, si kwa mtu mwenye maradhi matatu kwa pamoja. Nguvu yake ilingane na nguvu ya maradhi, kwa hiyo ianzwe kidogo. Athari yake itazamwe kwa saa na ionekane mara kwa mara, kwani iliyotokea mara moja huenda ikawa ajali. Na ijaribiwe kwa mwanadamu, kwa kuwa kuijaribu juu ya simba au farasi huenda kusithibitishe lolote kwa mtu. Wengi wanaotaja jina la Ibn Sina katika matangazo ya dawa zao hawajalitimiza hata sharti moja katika haya, ingawa kulitaja jina lake ni rahisi na hakuna kodi.

Tangawizi imeyapita masharti hayo kwa heshima, hususan katika kigegezi na kutapika. Mwaka 1988 wachunguzi wa Denmark walitangaza habari za wanafunzi 80 wa jeshi la majini, wasiozoea bahari iliyochafuka, ambao wengine walipewa gramu 1 ya unga wa tangawizi na wengine unga usio na dawa, wasijue nani amepata nini. Waliopata tangawizi walitapika kwa uchache na jasho la baridi likawapungua. Kichefuchefu chenyewe na kizunguzungu vilipungua pia, ila si kwa tofauti ya kutegemewa. Gramu 1 ni takriban nusu ya kijiko cha chai, na anayevuka mkondo wa Pemba wakati wa kusi, huku jahazi au boti ikipanda na kushuka, hatapata hasara kuijaribu kabla ya kuondoka bandarini. Kiasi kama hicho kwa siku kimejaribiwa pia kwa wanawake wajawazito wenye kutapika asubuhi, na kikaleta nafuu ya kichefuchefu. Lakini mama asiyeweza kuyashika maji tumboni asiachiwe tangawizi peke yake, bali apelekwe kwa mkunga au tabibu.

Asali nayo, kwa kikohozi cha mafua, ina ushahidi usiodharaulika. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, mwaka 2007, yalichapishwa matokeo ya watoto 105 wenye umri wa miaka 2 hadi 18, ambao baadhi walipewa asali nusu saa kabla ya kulala, baadhi dawa ya kikohozi iitwayo dekstromethofani, na baadhi hawakupewa kitu. Wazazi wakashuhudia kwamba waliolamba asali ndio waliolala vizuri zaidi pamoja na wao wenyewe wazazi. Ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asilambishwe asali kabisa, hata penye desturi ya kumtilia kinywani siku ya kuzaliwa, kwa sababu asali huweza kubeba mbegu za kijidudu cha botulizimu, ambazo tumbo la mkubwa huzishinda lakini katika utumbo wa mtoto mchanga huota zikatoa sumu yenye kulegeza misuli, hata ile ya kuvutia pumzi.

Juu ya tumbo la kuendesha sitasema mengi. Majani ya mpera yaliyochemshwa yana ukakasi wenye kuufunga utumbo, na wazee hawakukosea kuyapenda. Lakini mtoto anayeharisha huuawa na ukavu wa mwili, na dawa ya ukavu ni maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazishwa, kwani sukari ndiyo inayoisaidia chumvi kupenya utumboni na kuyavuta maji nyuma yake. Majani ya mpera yaje baadaye, akipenda mwenye kuyapenda.

Pamoja na kiasi kuna utengenezaji, na hapa hakuna kisa chenye mazingatio kuliko cha artemisia, mmea wa China ulio jamaa wa pakanga ya huku kwetu. Mwaka 1967, tarehe 23 Mei, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ambayo ilikuwa ikiwamaliza askari katika vita vya Vietnam. Bibi Tu Youyou na wenzake wakapekua vitabu vya kale, wakajaribu mmea baada ya mmea, na artemisia ikawapa matokeo mazuri leo na mabaya kesho. Ndipo alipoyarudia maandiko ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, akaona kwamba yule mzee hakuagiza mmea uchemshwe, bali konzi moja iloweshwe katika maji, ikamuliwe, na maji yake yanywewe. Akatambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo la nyuzi 35 hivi, na mwaka 1971 dawa aliyoipata ikawaponya panya na nyani wote waliojaribiwa. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel.

Kutokana na kisa hicho watu wengi wamehitimisha kwamba chai ya artemisia yatosha kutibu malaria, na katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, ambako mmea huo umelimwa kwa ajili ya viwanda vya dawa, wapo waliouotesha uani kwa nia hiyo. Hilo ni kulisoma nusu tu la simulizi. Artemisinini, yaani dawa yenyewe iliyomo ndani ya mmea huo, haiyeyuki vizuri katika maji, wingi wake hutofautiana kati ya mmea na mmea, na mgonjwa aliyekunywa kidogo hukiacha kijidudu hai, ambacho kimekwisha kuijua dawa na kinaweza kuzaa vizazi visivyoiogopa. Shirika la Afya Duniani limekataa kuiunga mkono chai hiyo kwa sababu hizo hizo. Asiyejali hoja ya wataalamu na azingatie kwamba malaria kwa mtoto huweza kugeuka kali katika muda wa siku moja.

Mwarobaini wastahili tahadhari ya namna hiyohiyo, kwa kuwa jani lake chungu linalochemshwa na mafuta yanayokamuliwa katika mbegu yake si kitu kimoja: mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza habari za watoto wachanga waliopewa mafuta hayo kama dawa ya nyumbani, wakatapika, wakapata usingizi mzito na degedege, ubongo na ini vikaathirika, na baadhi yao wakafa.

Kinachonisikitisha zaidi ni ukimya uliopo katika chumba cha daktari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili tangu mwaka 1974, ambacho baadaye kikawa taasisi katika Muhimbili, kwa hiyo hakuna aibu ya kielimu katika jambo hili. Hata hivyo mgonjwa huficha alichokunywa kwa kuogopa kukemewa, na tabibu hamwulizi kwa kudhani kwamba mgonjwa ameyapa kisogo mambo hayo. Vitunguu saumu vikiliwa kwa wingi kila siku hupunguza kuganda kwa damu, na daktari anayejitayarisha kumpasua mtu ana haja ya kulijua hilo kuliko kuijua kabila yake na kazi yake, ambavyo vyote viwili hujazwa katika karatasi. Ingekuwa amri yangu, ningeongeza katika karatasi hiyo mstari mmoja: umekunywa au kupaka nini nyumbani, kiasi gani, na tangu lini.