Kikanisa cha Wasafiri

Mama msomaji, ukishuka kwa gari kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu nchini Kenya, utapita mteremko mkali wa Bonde la Ufa. Mbele yako utauona Mlima Longonot. Karibu na mwisho wa mteremko, kando kabisa ya barabara, kuna kikanisa cha mawe. Ni kidogo mno. Watu wachache tu hukijaza.

Kilijengwa mwaka 1942 na Waitaliano. Hao walikuwa wafungwa wa vita, waliotekwa Waingereza walipoyashinda majeshi ya Italia katika Ethiopia mwaka 1941. Waliletwa Kenya wakafanyishwa kazi ya kutengeneza barabara hiyo. Walikuwa mbali na wake zao na mama zao, wala hawakujua watarudi kwao lini. Hata hivyo walijenga mahali pa kusali na kupumzika, na mpaka leo wasafiri wasiowajua husimama hapo, wakashukuru kwa safari.

Sisi nasi tuna mizigo yetu. Je, katika taabu zetu, tumemwandalia nani mahali pa kupumzika?