Baada ya Matanga

Nimeombwa niandike juu ya mtu aliyeangukiwa na mashaka, namna awezavyo kuinuka na kuyatengeneza maisha yake tena. Naliitika upesi, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa dini, na maneno ya faraja nimeyazoea kama seremala aizoeavyo randa yake. Lakini nilipoketi na kalamu nalikumbuka ya kwamba maneno yale niliyokuwa nikiyasema makaburini kwa watu hayakuniinua mimi nilipofiwa. Basi nitaandika yaliyonipata, hata yale ya aibu.

Mke wangu alifariki wakati wa vuli, baada ya kuugua miezi minne. Siku za matanga nyumba ilijaa watu. Wanawake walipika, wanaume walilala uani juu ya mikeka, na usiku tuliimba. Wengi hudhani ya kuwa siku ya maziko ndiyo iliyo ngumu. Sivyo. Siku ya maziko mtu huchukuliwa na wenzake kama jani juu ya maji. Ugumu huanza matanga yakiisha kuvunjwa, mikeka ikikunjwa na masufuria ya kuazimwa yakirudishwa kwa wenyewe, na mwenye nyumba akiketi peke yake akisikiliza kuku.

Mimi nalikaa barazani. Jumapili nalikwenda kanisani, nikafundisha wanafunzi wa ubatizo, nikarudi nikakaa. Shamba lilimea magugu. Nazi zilianguka zenyewe, zikaokotwa na wapitao njia. Deni la mwenye duka, nililolifanya kwa ajili ya dawa, sikulitaja wala sikulipunguza. Nikimwona mbele nalipitia njia ya nyuma. Watu waliniambia, “Kaza moyo, Mwalimu.” Nami nawaambia walimu wenzangu, tuyapunguze maneno hayo. Kuna mzee mmoja, jirani yangu, asiyejua kusoma, ambaye hakuniambia nikaze moyo hata mara moja. Alileta pishi ya mahindi, akaiweka mlangoni, akaketi nami kitambo bila kunena, akaenda zake. Juma la pili akaja tena na pishi nyingine.

Hivyo ikapita miezi mitatu. Siku moja naliingia darasa la sita kufundisha somo la dini, nikaona mahali pa binti yangu pana mtoto mwingine. Nikauliza. Watoto wakatazamana, wakanyamaza. Mwalimu wao akanivuta kando, akaniambia kwa upole, “Mwalimu, binti yako hajafika hapa yapata majuma matano. Tulidhani umempa ruhusa.”

Nalikwenda nyumbani mbio. Nikamkuta jikoni, mdogo wake amefungwa mgongoni kwa kanga ya mama yake, naye anapuliza moto. Nikamwuliza, “Nani aliyekuambia uache shule?” Akajibu bila kuinua uso, “Hakuna aliyeniambia, baba. Lakini nikienda, huyu atapikiwa na nani?”

Umri wake ulikuwa miaka kumi na mitatu. Majuma matano nalikula chakula chake bila kuuliza kimepikwa na nani, wala saa ngapi. Nimewahubiri wazazi wengi juu ya kuwasomesha binti zao, na wengine naliwakaripia mbele ya watu. Sasa binti yangu mwenyewe ameondolewa darasani, wala hakuondolewa na umaskini tu, bali na baba aliyekaa barazani.

Jioni ile nalimwita shangazi yangu, mkubwa wa baba yangu, mwanamke asiyeficha neno. Nalitazamia anihurumie. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwanangu, umelia kwa macho, na ni haki yako. Sasa lia kwa mikono. Kesho moto wa nyumba hii utawashwa na wewe.” Nikamwambia kwamba kazi ya jikoni sikufunzwa. Akacheka, akasema, “Hata mkeo hakuzaliwa na mwiko mkononi.”

Basi alfajiri naliwasha moto. Uji wangu wa kwanza ulikuwa na mabonge, na watoto wakaunywa kwa heshima. Binti yangu akavaa sare yake, akasimama mlangoni kama mtu asiyeamini, akaenda. Mdogo wake naliambatana naye mpaka kwa shangazi, kisha nikaenda kazini. Siku ile sikufanya jambo jingine la maana. Lakini nalifanya lile, na kesho yake nikalifanya tena. Sikungoja moyo upone kwanza, maana kama ningalingoja, ningalikuwa barazani mpaka leo.

Katika siku hizo nalisoma tena habari za Ludwig Krapf, ambazo sisi wa pwani ya Mombasa tumezisikia tangu utoto, hata tumeacha kuzisikiliza. Alifika Mombasa mwezi wa Mei mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai homa iliwashika wote wawili. Rosine alijifungua mtoto wa kike, naye mwenyewe akafa tarehe 13 Julai. Siku chache baadaye mtoto naye akafa. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, na kaburi hilo liko hata leo. Wala hakuwa mtoto wa kwanza kumfukia. Mwaka 1843, katika safari ya Uhabeshi, mtoto wao mwingine alizaliwa njiani akafa.

Wengi hupenda kuyakariri maneno aliyoyaandika Krapf juu ya kaburi lile. Mimi nayaacha. Mtu aliyefiwa huandika maneno makubwa, kisha usiku ukaingia. Nalitaka kujua alifanya nini siku zilizofuata. Nikaona ya kwamba mwezi wa Juni, kabla ya msiba, alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Mwislamu. Baada ya msiba alirudi kwenye kazi ile ile ya maneno. Hakubuni kazi mpya ya kumtuliza. Aliiokota ile iliyoanguka. Miaka miwili alikaa bila mwenzi wa kazi, mpaka Johannes Rebmann alipofika mwaka 1846, wakahamia Rabai pamoja. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1850. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, naye alikuwa amekwisha kufa mwaka mmoja uliotangulia. Hesabu mwenyewe miaka hiyo, msomaji. Mtu huyo hakupona mara moja akawa kama alivyokuwa. Afya yake ilisumbuka sana, na mara kwa mara ilimrudisha kwao. Lakini kila aliporudi mezani neno moja liliongezwa.

Tena si Mzungu tu wa kutazamwa. Ng'ambo ya Mombasa, kwenye Frere Town, pale panapoitwa Kengeleni kwa ajili ya kengele ya zamani, tangu mwaka 1875 waliletwa watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Mimi nalifiwa na mke, nikazikiwa na jamaa, nikafanyiwa matanga. Wale wengi hawakujua hata kama mama zao wako hai. Hawakuwa na kaburi la kulilia. Walijifunza kazi za mikono, wakalima, wakaoana watu wa makabila mbalimbali, wakawa jamaa wao kwa wao. William Jones alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akalelewa Bara Hindi, akarudi huku akawa mwalimu Rabai. Mwaka 1885 alipewa daraja ya ushemasi, na mwaka ule ule akasafiri na Askofu Hannington. Askofu alipouawa huko Busoga, Jones ndiye aliyewarudisha pwani wapagazi waliosalia, mwaka 1886. Nikifikiri habari zake, naona haya kulitaja baraza langu.

Lile deni, basi. Nalikwenda kwa mwenye duka mchana, kwa njia ya mbele. Nikamwambia, “Ndugu, siwezi kulipa zote. Naweza kulipa kidogo kila mwisho wa mwezi, na nazi za mavuno haya ni zako.” Nalitazamia matukano. Akafungua daftari, akasema, “Mwalimu, sikuudhika kwa deni, naliudhika ulipoacha kunisalimu.” Tulikubaliana. Nalichukua mwezi wa kumi na nne kumaliza.

Ndugu wengine walinishauri nioe upesi, nipate wa kupika. Simlaumu mjane aoaye, mume au mke. Krapf mwenyewe alioa tena mwaka 1856. Lakini kuoa kwa sababu ya sufuria ni kumdhulumu mwanamke, naye huitambua dhuluma hiyo siku ya kwanza anapoingia jikoni. Pia nimewaona wenzangu waliotafuta faraja kwenye tembo la mnazi, na hao wakawa na misiba miwili mahali pa mmoja. Sitaongeza neno juu ya hayo. Kila nyumba inawajua wake.

Binti yangu alirudia darasa lile, kwa sababu ya muda alioupoteza, na siku ya kwanza alilia kwa kuwaona rafiki zake wamemtangulia. Hilo silo jambo nililoweza kulitengeneza. Nalimwomba radhi. Baba wa kwetu hawana desturi ya kumwomba mtoto radhi, nami sikujua nianze vipi, basi nalimwambia tu, “Nisamehe, nalikuacha peke yako.” Akaitika, “Ndiyo, baba,” akaendelea kufua.

Sasa yuko shule ya sekondari, anakaa bweni. Alipokuja likizo alikuta shamba limepaliliwa na minazi imekwewa. Kanga ya mama yake iko katika sanduku, ameikunja mwenyewe. Asubuhi ya pili naliamka nikasikia mtu jikoni. Nalimkuta anamfundisha mdogo wake kuwasha moto, moshi umejaa, wote wawili wanakohoa na kucheka. Wakanifukuza, wakasema uji wa leo hautakuwa na mabonge.