Linaraiti: Jiwe la Buluu Lenye Risasi Nyingi Kuliko Shaba

Jiwe la buluu likifikishwa katika ghala la chama cha wachimbaji wadogo, kwa desturi huandikwa daftarini kuwa ni shaba. Mara nyingi mwandishi huwa amesema kweli, kwani mawe mengi ya buluu yaokotwayo karibu na uso wa ardhi penye machimbo hupata rangi yao kutokana na shaba, na lijulikanalo zaidi ni azuraiti. Lakini liko jingine linalofanana nalo kama pacha, nalo ni linaraiti. Hili ni adimu. Hata hivyo yafaa makatibu walitambue, kwa sababu kulikosea jina huleta hasara katika hesabu za chama, na huweza kuleta madhara makubwa zaidi nyumbani kwa mwanachama.

Linaraiti ni muungano wa risasi, shaba, salfeti na haidroksidi. Katika kila kilo 100 za linaraiti safi mna risasi kilo 52 hivi, na shaba kilo 16 tu. Azuraiti safi ya uzito huo ina shaba kilo 55. Mwanachama aliyeahidiwa malipo ya azuraiti, majibu ya maabara yakirudi, ataona amepunjwa, na lawama zitamwangukia katibu.

Kwa macho peke yake ni vigumu kuamua. Yote mawili yana buluu iliyokolea na mng'ao wa kioo, na yote mawili yakikwaruzwa juu ya kigae huacha unga wa buluu hafifu. Tofauti hudhihirika kwa njia tatu. Ya kwanza ni ugumu. Katika kipimo cha Mohs, linaraiti ni 2.5, hivyo kipande cha shaba huweza kuikwaruza. Azuraiti ni 3.5 hadi 4, na shaba haiiwezi. Ya pili ni tindikali ya haidrokloriki iliyozimuliwa kwa maji. Tone moja likidondoshwa juu ya azuraiti hutoa povu. Juu ya linaraiti halitoi povu, ila jiwe hufunikwa na utando mweupe. Kazi hii ya tindikali iachiwe mtu aliyefundishwa.

Njia ya tatu ni uzito, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na katibu, maana chama kisicho na maabara hakikosi mizani. Jiwe hupimwa hewani, kisha hupimwa tena likiwa limening'inizwa kwa uzi ndani ya maji. Linaraiti safi ya gramu 100 hupungua gramu 19 hivi. Azuraiti hupungua gramu 26 au 27. Tahadhari moja ni lazima. Fuwele za linaraiti ni ndogo, na kwa kawaida zimeshikamana na mawe mengine. Kwaruzi hupunguza uzito wa kipande chote, na galena, yaani mawe ya risasi yenyewe, huuzidisha. Kwa hiyo kipimo hiki hufaa kwa kipande kilichotenganishwa vema, si kwa kiroba kizima.

Linaraiti haitoki chini sana ya ardhi. Mwamba wenye galena pamoja na mawe ya shaba na salfa ukifikiwa na hewa na maji ya mvua, huoza polepole kwa muda mrefu mno. Salfa hugeuka salfeti, na risasi na shaba hukutana upya katika nyufa. Maji hayo yakiwa na uchachu kiasi, linaraiti huweza kuota. Yakipita katika mawe ya chokaa, mambo hugeuka: risasi huwa serusaiti, na shaba huwa azuraiti au malakaiti ya kijani. Ndiyo sababu ya uadimu wake.

Jina lake lilitolewa mwaka 1839 na Glocker, kutokana na mji wa Linares, kusini mwa Hispania, ambako risasi ilichimbwa tangu enzi za Warumi. Imepatikana pia Leadhills huko Scotland, Cumbria nchini Uingereza, na Tsumeb nchini Namibia. Fuwele zilizosifika kwa ukubwa na uzuri zilitoka katika mgodi wa Grand Reef, Arizona, Marekani. Fuwele nzima za namna hiyo hutafutwa na wakusanyaji wa mawe, na kuziponda pamoja na mawe ya kawaida ni kutupa mali.

Miamba yenye risasi na shaba pamoja si ya ng'ambo tu. Huko Mpanda, magharibi mwa Tanzania, machimbo ya miaka ya 1950 yalitoa risasi iliyoandamana na shaba, fedha na dhahabu, na reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili yake. Palipo na mwamba wa namna hiyo, doa la buluu ni dalili kwamba risasi huenda ipo karibu.

Na risasi haina huruma kwa watoto. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, watoto wapatao 400 au zaidi walikufa kwa sumu yake. Wazazi wao walikuwa wakitafuta dhahabu, wala hawakuitafuta risasi. Lakini mawe yao yalikuwa nayo, na yalipondwa na kusagwa ndani ya nyua, mengine kwa mashine za kusagia nafaka. Vumbi likatua juu ya udongo, vyombo na mikono.

Kwa hiyo jiwe la buluu ambalo halijapimwa liandikwe daftarini kuwa "buluu, halijathibitishwa", liwekwe mbali na viroba vya nafaka, na lisipondwe kavu. Sampuli ipelekwe kwa mtaalamu wa madini ikiwa na ombi la kupimwa risasi pia, kwa maana maabara iliyoombwa kupima shaba peke yake itajibu habari za shaba peke yake.