Tatu, Mzee na Kadogo

Juma lililopita mwanafunzi mmoja aliingia darasani mwangu hapa Kilifi akiwa amevaa fulana yenye sura ya Che Guevara, aliyoinunua kwa wachuuzi wa Malindi. Nilimwuliza kama alilijua jina la Kiswahili la bwana huyo. Hakulijua. Jina lenyewe ni Tatu.

Mwezi wa Aprili 1965, Che alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma pamoja na Wakyuba wenzake, kwenda kuwasaidia waasi wa mashariki ya Kongo. Kwa ajili ya siri, wakuu wa msafara walipewa tarakimu za Kiswahili kuwa majina: Moja, Mbili, Tatu. Mwenyeji wao alikuwa Laurent-Désiré Kabila, kijana wa miaka 25, mfuasi wa Marx, ambaye upande wake ulipata silaha za China na Urusi kupitia Tanzania. Lakini mwenyeji hakuwako! Tatu alingoja hadi Julai ndipo Kabila alipofika kambini, akakaa siku chache, akaondoka tena. Novemba Wakyuba nao wakaondoka. Katika kumbukumbu zake Che alikiri kwamba Kabila alikuwa na kipaji cha kuongoza umma, ila alimlaumu vikali kwa kuwa mbali na wapiganaji wake.

Basi mgeni alijitahidi kujifunza Kiswahili apate kusema na askari, naye mwenyeji aliyekijua hakuwapo kusema nao.

Mwaka 1967 Kabila aliunda chama chake cha mapinduzi, akajichimbia katika milima ya Fizi kwa miaka mingi. Alipoibuka mwaka 1996, wafadhili walikuwa wengine: Rwanda na Uganda. Tarehe 17 Mei 1997 majeshi yake yaliingia Kinshasa, na Marx hakutajwa sana tena. Kiongozi sasa aliitwa Mzee, na watoto waliobeba bunduki mbele yake waliitwa kadogo.

Sisi walimu hupenda kujivunia kuenea kwa Kiswahili. Hatuna budi kuwaeleza wanafunzi pia kwamba wakazi wengi wa Kinshasa, wasemaji wa Kilingala, walikizoea kwanza vinywani mwa askari. Na neno kadogo lichunguzwe vyema. Kiambishi ka- hapa kwetu aghalabu hudharau; kule hubembeleza pia. Mtoto aliyetolewa shuleni akapewa bunduki akaitwa kwa jina la kudekeza, nasi tukaliandika katika orodha ya msamiati bila kusita. Mimi mwenyewe nimepata kulifundisha hivyo.

Agosti 1998 Kabila aligombana na wafadhili wake, vita vikaanza upya, naye akaokolewa na majeshi ya Angola, Zimbabwe na Namibia. Tarehe 16 Januari 2001 alipigwa risasi ofisini mwake. Aliyempiga alikuwa mlinzi wake, mmojawapo wa wale kadogo.