Watoto wa jeshi waliosoma Kihispania Kuba wakarudi Juba

Mfanyabiashara anayefika Juba kutoka Elegu na shehena ya unga au vitunguu huzizoea haraka lugha za pale. Karatasi za forodha Nimule hujazwa kwa Kiingereza. Katika soko la Konyokonyo bei hutajwa kwa Kiarabu cha Juba, na penye Wakenya na Waganda wengi Kiswahili hakikosekani. Lakini anaweza kukaa mahali akinywa chai akasikia, meza ya pili, watu wazima wa Sudan Kusini wakitaniana kwa Kihispania. Wenyeji hawageuzi hata shingo. Hao huitwa “Wakuba”.

Habari yao inaanzia jeshini. SPLA, jeshi la ukombozi lililoanzishwa mwaka 1983 chini ya John Garang, lilikuwa na kambi zake magharibi mwa Ethiopia. Humo walijaa watoto waliotembea kwa miguu kukimbia vita, na wengi wao wakapangwa katika vikosi vilivyoitwa Jeshi Jekundu. Walifunzwa gwaride na utii kabla hawajafunzwa kuandika majina yao. Katikati ya miaka ya 1980 watoto wapatao 600, wavulana na wasichana, baadhi wakiwa wa makamanda na wengine wasio na mtu, walichaguliwa wakapandishwa meli kwenda Kuba. Garang alitaka vita vikiisha nchi iwe na madaktari, wahandisi na mabwana shamba. Bunduki wangebaki nazo wengine.

Walipelekwa Isla de la Juventud, kisiwa kilicho kusini mwa Kuba, ambacho hadi mwaka 1978 kiliitwa Isla de Pinos. Serikali ya Fidel Castro ilijenga huko shule nyingi za bweni katikati ya mashamba. Wenzao walitoka Msumbiji, Angola, Namibia, Ethiopia na Ghana. Nusu ya siku ilikuwa darasani, nusu nyingine shambani kwenye mabalungi na machungwa. Sare, foleni na ratiba isiyosubiri mtu: kwa mtoto aliyetoka kambi ya jeshi, hayo hayakuwa mageni.

Kigeni kilikuwa Kihispania. Mtoto wa Kidinka au Kinuer aliyejua Kiarabu kidogo alitakiwa asome hesabu, biolojia na historia kwa lugha ambayo hakuwahi kuisikia. Hata hivyo Kihispania hakimtesi Mwafrika kama inavyodhaniwa. Irabu zake ni tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa karibu sawa na za Kiswahili; neno likishaandikwa unalisoma kama lilivyo. Tena Waarabu walitawala sehemu za Hispania kwa karne kadhaa wakaacha maneno mengi, mengi yakiwa ya bidhaa. Sukari ni azúcar. Mchele ni arroz, na kwa Kiarabu cha Juba ni ruz. Mafuta ya kula ni aceite, ambayo Juba ni zet. Hata Mswahili ana pa kushika: mesa ni meza na bandera ni bendera, kwa sababu Kiswahili kiliyapata hayo kwa Wareno, ambao lugha yao ni ndugu wa Kihispania. Kinachosumbua ni vitenzi, vinavyobadilika mwisho kwa kila nafsi na kila wakati, na nomino zote kugawanywa kuwa za kike na za kiume. Mtu wa ngeli angesema afadhali mbili kuliko zetu.

Kiingereza kilipofundishwa kilikuwa somo tu, si lugha ya shule. Hapo ndipo deni lilipoanza kukua bila mtu kuliona.

Wengi walifaulu. Walienda vyuo vikuu wakatoka na shahada za udaktari, uhandisi na kilimo. Lakini mwaka 1991 Mengistu alipinduliwa Ethiopia, SPLA ikafukuzwa kwenye kambi zake, na mwaka huohuo Umoja wa Kisovieti ukavunjika. Kuba ikaingia katika njaa ya kweli. Nyumbani vita vikiendelea, hakukuwa na pa kurudi. Vijijini hakukuwa na posta. Wazazi wengi hawakujua kama mtoto yu hai.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mamia yao walipokelewa Kanada kama wakimbizi. Huko shahada ya Havana haikufua dafu. Mtihani wa leseni ya udaktari ulikuwa wa Kiingereza, kozi zilikuwa ghali, na kodi ya nyumba haisubiri. Wasomi hao wakaishia kwenye kiwanda cha nyama katika mji wa Brooks, Alberta, wakikata ng'ombe kwenye mstari wa kiwanda. Kwa watu wa jamii za wafugaji, ambako ng'ombe ni mahari na heshima, hilo halikuwa jambo dogo.

Kundi dogo la madaktari lilipata njia ya kutoka. Baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi Januari 9, 2005, shirika moja la Kikristo na Chuo Kikuu cha Calgary viliandaa mafunzo ya kuwanoa upya, istilahi za tiba zikiwa kwa Kiingereza safari hii, kisha wakarudi kutibu kwao. Wengine walirejea wenyewe, hasa nchi ilipopata uhuru Julai 9, 2011 na katiba ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi.

Mpango wa Garang, basi, ulifanikiwa nusu, na ile nusu iliyopotea ilipotea kwa lugha kuliko kwa akili. Mtu alikuwa daktari kwa Kihispania na kibarua kwa Kiingereza, mikono ikiwa ileile.

Sasa Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, na Wakuba wamevuka umri wa makamo. Wanapokutana wao kwa wao bado wanasimuliana habari za mabalungi kwa Kihispania. Baadhi ya watoto wao walizaliwa Alberta.