Mpiga piano wa Brooklyn aliyekipa Kiswahili nafasi kwenye jazz

MTAJIE mkazi wa Likoni au Changamwe neno jazz, na huenda akakutajia Morogoro Jazz, Western Jazz au bendi nyingine ya magitaa ambayo wazazi wake waliicheza hadi majogoo. Huku kwetu jazz ilikuwa jina la bendi tu. Muziki wenyewe wa Wamarekani weusi, ule wa piano, tarumbeta na saksafoni, haukuvuka sana feri.

Hata hivyo, msomaji, iko santuri moja ya jazz ambayo mtu wa Kisauni akiisikia atageuza shingo. Mwanzoni kabisa, kabla bendi haijashika kasi, kuna mtu anayenena Kiswahili. Si kile cha kubabaisha cha watalii wa hotelini, bali cha Mtanganyika anayejua anachosema.

Santuri hiyo inaitwa Uhuru Afrika. Ilirekodiwa New York Novemba 1960, na mtunzi wake ni Randy Weston.

Weston alizaliwa Brooklyn Aprili 6, 1926. Babake, mwenye asili ya Jamaica na Panama, alikuwa na mkahawa na alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey. Alimfunza mwanawe kwamba yeye ni Mwafrika ambaye amezaliwa tu Marekani. Ni yeye pia aliyemsukuma kwenye masomo ya piano, ingawa kijana, aliyerefuka kupita futi sita na nusu, aliupenda zaidi mpira wa kikapu. Urefu huo ndio uliozaa mojawapo ya tungo zake mashuhuri, Hi-Fly.

Vita vya Pili vya Dunia vilimfikisha Okinawa akiwa mwanajeshi. Aliporudi alisimamia mkahawa wa babake, kisha akaenda milima ya Massachusetts kufanya kazi ya jikoni, huku jioni akipiga piano. Huko ndiko alikomsikia mwanahistoria Marshall Stearns akieleza jinsi mizizi ya jazz inavyofika Afrika. Santuri yake ya kwanza ilitoka 1954. Mwaka uliofuata wahakiki wa jarida la Down Beat walimtaja kuwa nyota mpya wa piano.

Angeweza kutulia hapo na kula jasho lake. Lakini ukaja 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilijipatia uhuru. Weston alitaka lugha ya Kiafrika isikike katika kazi yake. Akauliza watu wa Umoja wa Mataifa, naye akaelekezwa kwenye Kiswahili. Mshairi Langston Hughes akaandika shairi la uhuru, na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika akalitafsiri na kulisoma. Sanga huyo ndiye aliyerejea nyumbani baadaye na kuwa mbunge.

Aliyepanga sauti za bendi hiyo kubwa ni Melba Liston, mwanamke aliyepiga tromboni wakati ambapo wenziwe wa kike kwenye bendi walikuwa wa kuhesabika. Sehemu ni nne: Uhuru Kwanza, African Lady, Bantu na Kucheza Blues. Jina hilo la mwisho lilinichekesha. Linasikika kama tangazo la dansi ya Jumamosi.

Wakati huo Kenya yenyewe ilikuwa bado ina miaka mitatu ya kungoja, na ukanda wetu wa Pwani ulikuwa kisheria milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya ulinzi wa Mwingereza. Serikali ya Afrika Kusini haikuhitaji mkalimani. Ilipiga marufuku santuri hiyo mwaka 1964.

Weston alifika Lagos 1961, na baada ya ziara ya nchi nyingi za Afrika mwaka 1967 akahamia Morocco. Mjini Tangier alifungua klabu na kuketi na Wagnawa, kizazi cha watu waliochukuliwa utumwani kutoka kusini mwa Sahara. Muziki wao huponya wagonjwa usiku kucha. Mtu aliyewahi kuhudhuria ngoma ya pepo huku bara ya Mombasa hangeona ajabu.

Mapenzi hayo yalimgharimu. Tamasha aliloandaa Tangier mwaka 1972 lilimwachia hasara. Mwaka huohuo santuri yake Blue Moses iliuzwa kuliko zote, lakini humo alipigishwa piano ya umeme, chombo asichokipenda. Hiyo ndiyo biashara ya muziki!

Heshima ilikuja uzeeni. Marekani ilimtuza kama bingwa wa jazz mwaka 2001, na kitabu cha maisha yake, African Rhythms, kikatoka 2010. Alifariki Brooklyn Septemba 1, 2018, akiwa na umri wa miaka 92.

Nilipoicheza Uhuru Afrika nyumbani Kisauni, mzee wetu mmoja wa taarab alisikiliza kimya. Tromboni na saksafoni hakuzijali sana. Aliomba tu irudishwe mwanzo, pale Sanga anaponena, kisha akataka kujua huyo ni mtoto wa nani.